Askari yuleyule ananisimamisha kila mara usiku: ni kazi au ana lake jambo?

Swali, nimelifupisha kidogo: Mimi ni Mtanzania niko Minnesota, Marekani, nafanya kazi nyumba ya wazee na shifti yangu inaisha saa tano usiku. Toka mwezi wa tisa kuna askari mmoja wa mji mdogo ninaopita kanisimamisha mara tatu. Ya kwanza taa ya nyuma haiwaki, ya pili eti nimekanyaga mstari, ya tatu hata sababu hakunipa ya maana. Zote kaniachia kwa onyo la mdomo tu. Ila ananiuliza naishi na nani, mume wangu yuko wapi, natoka kazini saa ngapi. Juzi akaniandikia meseji Facebook, na huko situmii jina la kwenye leseni. Shemeji yangu ananiambia nimshukuru Mungu sijaandikiwa tiketi. Je hii inaruhusiwa? Nikilalamika nani ataniamini mimi, si ndio nitakuwa nimejitafutia makubwa? Na nibadilishe njia?

Jibu:

Dada yangu pole sana, na umefanya vizuri kuuliza sasa kabla mambo hayajafika mbali. Jibu fupi ni ndio, wapo askari wanaotumia kusimamisha magari kwa mambo yao binafsi, sio porojo hizo, kuna waliofungwa kwa ajili hiyo. Jibu refu ndilo litakalokusaidia, maana kujua kwamba mtu ana lake jambo ni kitu kimoja na kuweza kulionyesha mbele ya mkubwa wake ni kitu kingine kabisa, na watu wengi wanalalamikia kitu ambacho sheria haitawapa wakati kile ambacho ingewapa wanakiacha kinapita.

Kwanza niwe mkweli kwa upande wa askari pia. Kusimamishwa mara tatu na mtu yuleyule, peke yake, hakunishangazi. Miji midogo ya pembeni ya Minneapolis usiku inakuwa na magari mawili matatu tu ya polisi barabarani, kila mmoja na eneo lake, na wewe unapita njia ileile saa ileile. Na saa tano usiku ndio saa wanayotafuta walevi, kwa hiyo wanakamata kwa kisingizio chochote kidogo, taa, mstari, stika ya namba iliyokwisha muda, halafu wanainusa pumzi yako na kukuachia. Hilo linaudhi lakini ni kazi. Kwa hiyo ungeniandikia hizo mara tatu tu ningekwambia tengeneza taa, weka risiti kwenye gari, endelea na maisha.

Kinachobadilisha habari yote ni maswali yake na ile Facebook. Unaishi na nani haihusiani na taa ya nyuma. Na hapo kwenye onyo la mdomo ndipo shemeji yako anapokosea, samahani kwake. Tiketi ni karatasi, ina saa, ina mahali, ina kosa, inakwenda mahakamani na mtu mwingine anaiona. Onyo la mdomo linaweza kupita bila jicho lolote lingine kuliona. Askari anayetaka kukaa na mwanamke dirishani dakika ishirini kila wiki hana haja ya kumwandikia tiketi, tena tiketi ndio ingemharibia.

Nikupe mfano mmoja. San Diego, California, kuna barabara kuu namba 15, na wakati huo kulikuwa na sehemu ya kutokea inaitwa Mercy Road, chini kule giza tupu, hakuna nyumba hakuna duka. Craig Peyer alikuwa askari wa doria wa barabara kuu za jimbo, baba wa watoto, mtu wa kusifiwa na wakubwa. Usiku wa tarehe 27 Desemba 1986 akamsimamisha Cara Knott, mwanafunzi wa miaka 20, akamshusha kwenye ile njia ya kutokea, akamuua. Siku chache baadaye kituo cha televisheni kikatengeneza kipindi cha kuwafundisha madereva wa kike wajilinde vipi usiku, na askari aliyepangiwa kuzungumza nao alikuwa yeye, akatokea kwenye skrini na mikwaruzo usoni. Wanawake waliomuona wakaanza kupiga simu. Nami huyu alinisimamisha. Nami alinishusha palepale. Wakafika kama ishirini na zaidi kidogo, wote hadithi moja, alinisimamisha usiku niko peke yangu, akanielekeza nishuke kule chini, akapiga stori weee mpaka nikaogopa, afu akaniachia. Kesi ya kwanza baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana, ya pili mwaka 1988 akapatikana na hatia na akapewa miaka 25 hadi maisha.

Sikupi hiyo kukutisha, askari wengi sana wenye tabia mbovu hawafiki huko hata robo. Nakupa kwa ajili ya wale wanawake wengine. Kila mmoja kwa wakati wake aliona hiki ni kitu kidogo, kaniachia bila tiketi, bora yaishe. Walipokusanyika ndipo picha ikaonekana.

Sasa sheria. Hapa wengi wanashtuka. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi inaitwa Whren. Askari kanzu wa Washington wa kitengo cha madawa waliwashuku vijana weusi kwenye gari moja, hawakuwa na ushahidi wowote, lile gari likageuka bila indiketa ndio wakaliendea, na humo wakakuta madawa. Majaji wote tisa wakasema nia ya askari moyoni haiangaliwi, kama kosa la barabarani lipo kweli basi kumsimamisha ni halali. Na nani anaendesha nusu saa bila kosa lolote? Hakuna. Kwa hiyo ukienda kwa wakili ukamwambia huyu alinisimamisha kwa sababu ananitaka, jibu la kwanza atakalokupa ni taa iliwaka au haikuwaka, na wewe mwenyewe umesema haikuwaka. Kisa cha kwanza kimekwenda. Cha pili, mstari, ni neno lako na lake labda kamera iseme. Cha tatu, kama kweli hakutaja kosa lolote na hakuna kosa, hicho ndio kina harufu, kwa sababu toka 1979 mahakama hiyohiyo ilishasema askari hawezi kumsimamisha dereva hivihivi bila kumshuku kwa lolote, eti aangalie leseni tu.

Muda nao una kikomo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kazi ya kukusimamisha ikiisha, leseni imeangaliwa, onyo limetolewa, hawezi kukuweka pale zaidi bila sababu mpya, na kwenye ile kesi waliyokuwa wanabishania ilikuwa dakika saba nane tu. Minnesota kwenyewe ni wakali zaidi, Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2003 ilikataa askari kupanua mahojiano nje ya sababu ya kusimamisha gari bila kuwa na shaka ya msingi. Kwa hiyo hayo maswali ya mume wako yuko wapi una haki ya kutoyajibu, kwa upole tu, "afande, naomba nijibu ya leseni na bima basi," kisha unauliza naweza kuondoka sasa?

Ushauri wangu mkubwa ndio huu: achana na nia yake, fuata nyayo zake kwenye kompyuta.

Umeshawahi kuchungulia ndani ya gari la polisi la huku? Pale kati ya viti viwili kuna laptopu imefungwa kwenye stendi. Anapokaa nyuma yako anaandika namba ya gari lako, na kabla hata hajawasha taa zake linakuja jina la mwenye gari, akiingia kwenye leseni anapata tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, urefu, uzito, rangi ya macho, na picha yako. Yote hayo kabla hujamwambia habari za usiku. Lakini hiyo mashine ina upande wa pili ambao wao wenyewe wanausahau: kila akitafuta, mfumo unaandika nani katafuta, jina gani, tarehe gani, saa ngapi na dakika ngapi. Hiyo haifutiki kwa kidole chake.

Na Minnesota ndio jimbo la kusimulia kwenye hilo. Anne Marie Rasmusson alikuwa zamani askari mwenyewe, akaacha kazi. Akaanza kuhisi wenzake wa zamani wanajua vitu vyake ambavyo hajawaambia. Akaomba idara ya usalama wa umma ya jimbo imwonyeshe nani wameangalia rekodi ya leseni yake. Ikarudi orodha ya askari zaidi ya 100 kutoka ofisi 18 tofauti, mara zaidi ya 400. Wengine walikuwa wanataka tu kuona picha, anaonekanaje siku hizi. Miji ilimlipa kwa jumla zaidi ya dola milioni moja. Baada ya hapo mambo yakafumuka, ikaja ya mfanyakazi wa idara ya maliasili ya jimbo aliyetafuta rekodi za watu kama 5,000, wengi mno wanawake, mara 19,000 hivi, na mwaka 2013 mkaguzi wa bunge la jimbo akatoa ripoti kwamba zaidi ya nusu ya polisi wenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo huo walikuwa na utafutaji wa kutilia mashaka. Zaidi ya nusu! Wengi wala sio wabaya, ni umbea, anatafuta ex wake, jirani, mtangazaji wa tv. Lakini sheria haikutofautisha umbea.

Sheria yenyewe ni ya shirikisho, ya mwaka 1994, inalinda taarifa za leseni ya udereva. Kuangalia kwa kazi ruksa, kuangalia kwa shughuli zako binafsi marufuku, na anayeangalia kinyume anaweza kulipa fidia isiyopungua dola 2,500, na gharama za wakili mahakama inaweza kumbebesha yeye. Sasa rudi kwenye Facebook yako. Jina la huko sio la leseni, ina maana alikaa akakutafuta, kwa picha, kwa namba ya simu, kwa marafiki, sijui. Kama ile orodha ya utafutaji kwenye mfumo inaonyesha amefungua rekodi yako siku ambayo hakukusimamisha, mfano Jumanne saa nane mchana wewe uko umelala nyumbani, hapo huna haja ya kuthibitisha nia yoyote. Yeye ndiye atakayetakiwa aeleze Jumanne alikuwa anatafuta nini.

Kuhusu nani ataniamini. Daniel Holtzclaw, askari wa Oklahoma City, alichagua wanawake kwa hesabu hiyohiyo: weusi, maskini, wengi wana kesi za zamani au hati za kukamatwa, anatafuta jina kwenye kompyuta, anaona huyu hatakwenda kusema. Alikosea kwa mmoja, Juni 2014, mama mtu mzima wa miaka 57 asiye na kesi yoyote, alimsimamisha akiwa ameshafunga kompyuta na bila kutoa taarifa kwenye redio, akamdhalilisha. Mama yule hakulala, akashtaki usiku uleule. Wapelelezi wakachukua majina ya wanawake aliyokuwa akiyatafuta, wakalinganisha na kifaa cha gari kinachoonyesha lilipokuwa, wakagonga mlango mmoja mmoja. Desemba 2015 akapatikana na hatia kwa makosa 18 kati ya 36, akafungwa miaka 263. Wale wanawake wengine karibu wote hawakuwa tayari kulalamika mwanzoni, na hilohilo lako, nani ataniamini mimi. Kompyuta iliwasemea.

Sasa wewe ufanye nini. Ile meseji usiijibu, usiifute, usim-block kwanza mpaka umepiga skrinshoti ya meseji na ya ukurasa wake pamoja na tarehe, halafu mtumie mtu unayemwamini nakala. Usimjibu hata kwa ukali, maana jibu lolote baadaye linageuzwa kuwa walikuwa wanachati. Andika leo unachokumbuka kwa kila mara, tarehe, saa, barabara gani, alisema nini, hata kama hujui dakika kamili andika usiku baada ya shifti ya siku fulani, kadi ya kazini itakusaidia.

Kamera ya kifuani. Kama polisi wa mji huo wanazivaa, sheria ya Minnesota inawataka wazitunze picha si chini ya siku 90, na wewe kama uliyemo kwenye picha una haki ya kuomba uone, na unaweza kuandika waziweke hadi siku 180 zaidi. Siku 90 toka mwezi wa tisa ni karibu, kwa hiyo hii usiilaze. Ombi ni barua au imeili tu kwa polisi wa mji, jina lako, namba ya gari, tarehe, mahali. Wakikujibu kamera haikuwashwa hata mara moja, hilo nalo ni jibu, na ni jibu zuri kwako. Sambamba na hiyo andika idara ya usalama wa umma ya jimbo, kitengo cha leseni na magari, omba orodha ya walioangalia rekodi yako. Ndio njia ileile aliyopita Rasmusson.

Malalamiko usipeleke kwa mdomo dirishani usiku, unaweza ukampa rafiki yake. Yapeleke kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa mji, bakiza nakala, na unaweza kuandikia pia bodi ya jimbo inayotoa leseni za askari, inaitwa POST Board. Akiendelea, akaja kazini, akakufuata nyumbani, hapo sio malalamiko tena ni jinai, unapiga simu ofisi ya sheriff wa kaunti au wapelelezi wa jimbo, sio mji wake. Makaratasi yako ya uhamiaji hayana uhusiano na haki ya kulalamika, ila kama bado unasubiri chochote uhamiaji ongea na wakili wa mambo hayo kwanza ili usiwe na wasiwasi.

Akikusimamisha tena: washa hazadi, punguza mwendo, nenda mpaka kituo cha mafuta au palipo na taa, mikono kwenye usukani. Unaweza kupiga 911, namba ya dharura, ukamwambia anayepokea kuna gari la polisi linanisimamisha, niko peke yangu, naomba unithibitishie kama limetoa taarifa. Swali la kawaida hilo, na likiulizwa linarekodiwa. Kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe umo Minnesota inaruhusiwa bila kumuomba ruhusa, weka simu kwenye stendi mapema usije ukaonekana unachomoa kitu. Ila usibishane naye pale barabarani hata kama uko sahihi, kubishana ni kwa karatasi.

Na nikuonye kitu kimoja cha nyumbani. Sisi tumezoea kuyamaliza na trafiki kwa maneno matamu, afande nisamehe, afande chukua ya maji, mwingine anampa hata namba ya simu ili aende zake. Huku pesa ni rushwa na jinai nzito, na namba ya simu kesho ndio utetezi wake, alinipa mwenyewe. Na wala nyumbani hairuhusiwi, sheria ya rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inataja waziwazi mwenye mamlaka anayedai ngono ili akutendee au asikutendee jambo, namba ya TAKUKURU ni 113, tatizo watu hawapigi.

Wala asikufuate nyumbani. Akisema bima huna hapa twende ukachukue kwako, kataa, mwambie niandikie tiketi nitaipeleka mahakamani. Nasema hivi kwa sababu Little Rock, Arkansas, mwaka 1994, taa ya nyuma haiwaki kama yako, karatasi ya bima haionekani, askari akamfuata dada wa watu mpaka nyumbani kuichukua, akamlazimisha. Mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo ndiyo inayosimamia Minnesota pia, mwaka 1998 ilithibitisha askari yule amlipe dola 100,000. Lakini jiji lenyewe likachomoka, eti hakukuwa na ushahidi kwamba wakubwa walijua na wakakaa kimya. Ndio maana nakusisitiza barua. Wewe ukishaandika, wakubwa wake wanajua, hawana tena pa kujificha.

Njia badilisha kwa sasa, sio kwa sababu umekosa, kwa sababu mwezi mmoja wa amani una thamani na ombi la kamera likiwa linashughulikiwa hutaki tukio la nne lichanganye mambo. Kama hiyo njia nyingine inakuongezea dakika nyingi, omba mwenzako wa shifti muongozane magari mawili.

Wakili wa haki za raia mwone ukishapata orodha, wengi hawachukui hela mbele kwa kesi za aina hii. Ila angalia muda, kesi ya rekodi za leseni ina miaka minne, na mahakama ya rufaa huku kwenu ilishaamua 2015 kwamba inahesabiwa toka siku aliyoitafuta rekodi yako, sio siku uliyogundua, kwa hiyo lile ombi la orodha lipeleke wiki hii.